Kabla ya kununua waya wa hendibreki, fungua gurudumu

Mkono wa hendibreki ukianza kupanda juu kuliko ulivyozoea, jibu linalotolewa haraka ni kwamba waya umevutika. Nimelisikia kwa mafundi, kwa madereva wenzangu, hata kwa watu ambao hawajawahi kuuona waya wenyewe. Ni kweli kwamba waya mpya hurefuka kidogo unapoanza kufanya kazi. Lakini waya uliokaa kwenye gari miaka mingi hauna sababu ya kuanza kurefuka leo. Kinachobadilika kila unapokanyaga breki kiko mwisho wa waya huo, ndani ya gurudumu, na huwezi kukiona ukiwa umekaa kwenye kiti.

Gari langu ndilo lililonifundisha. Ni gari la kawaida: breki za diski mbele, breki za dramu nyuma (bakuli la chuma linalozunguka na gurudumu, viatu vya breki vikiwa ndani yake), mkono wa kuvuta katikati ya viti viwili. Mkono ulikuwa ukipanda polepole kwa miezi mingi mpaka ukawa unakaribia kusimama wima, na hata hapo gari likiwa kwenye mteremko lilisogea kabla ya gia kulizuia. Nikalipeleka gereji. Fundi akauvuta mkono, akatikisa kichwa, akaniandikia orodha: nyaya mbili za nyuma, seti ya viatu vya breki, dramu mbili, pamoja na ufundi.

Nikamuuliza, "Fundi, ndani ya magurudumu umeshaangalia?"

"Hakuna haja, bosi. Mkono wenyewe unaonyesha kila kitu."

Nilimshukuru nikaondoka na gari langu. Sikuwa na hakika kwamba amekosea. Ila dramu haipimwi kwa kuvuta mkono, na mtu anayetaka ninunue dramu mpya ni lazima kwanza awe ameiona ile ya zamani. Kwa hiyo niliamua nitaifungua mimi, nione, ndipo nijue cha kununua.

Kabla ya kushika spana nilikaa kwanza kuelewa njia nzima, kuanzia mkononi mpaka kwenye dramu. Mkono una meno na kipande kidogo kinachonasa kwenye meno hayo, ndiyo maana unasikia mlio unapouvuta na ndiyo maana haurudi chini mpaka ubonyeze kitufe. Mkono unavuta fimbo au waya mfupi, huo unavuta kipande kinachogawa mvuto sawasawa, na kutoka hapo nyaya mbili zinaelekea nyuma, moja kwa kila gurudumu. Ndani ya dramu kila waya unavuta kijimkono kilichoshikizwa kwenye kiatu kimoja cha breki, na kijimkono hicho kinasukuma kipande cha chuma kilichokaa katikati ya viatu viwili. Viatu vinatanuka, lainingi (ule utando wa msuguano uliobandikwa juu ya viatu) zinagusa dramu, gari linashikwa.

Jambo lililonifungua macho ni hili: mtambo huu wote umeundwa kuongeza nguvu ya mkono wa binadamu. Na popote nguvu inapoongezwa kwa mikono ya chuma, safari nayo inaongezeka. Mkono unasafiri mbali ili kiatu kisogee kidogo sana. Geuza hesabu hiyo: lainingi ikilika hata nusu milimita, na nafasi kati yake na dramu ikaongezeka kwa kiasi hicho, kule juu mkononi pengo hilo linatokea kama meno kadhaa ya ziada. Ndiyo maana mkono unaweza kupanda sana ilhali huku chini hakuna kilichokufa. Ni nafasi tu imekuwa kubwa.

Hapo nikapata kipimo ambacho hakihitaji hata jeki. Kwenye gari lenye dramu nyuma, viatu vilevile vinatumika na hendibreki na pedali ya mguu. Waya ukiwa na kasoro, mkono peke yake ndio unaoathirika. Pedali haina habari nao. Viatu vikiwa mbali na dramu, vyote viwili vinaathirika. Kwa hiyo ukiwa umeegesha mahali tambarare, injini ikiwa inaunguruma, kanyaga pedali ukaangalie inashika wapi. Iachie, kisha uikanyage tena haraka. Ikishika juu zaidi mara ya pili, kuna nafasi kubwa mahali fulani, na mara nyingi ni nyuma. Kisha vuta hendibreki kwa nguvu, ukanyage tena. Kama pedali sasa inashika juu na imekuwa ngumu kuliko mkono ulipokuwa chini, jibu umelipata: hendibreki imevisogeza viatu karibu na dramu, na pedali imeacha kupoteza safari kuvifuata. Tatizo ni marekebisho ya viatu. Gari langu lilijibu hivyo bila utata. Kabla sijafungua hata nati moja, hoja ya nyaya mbili ilikuwa imeshadhoofika.

Kipimo cha pili ni kuhesabu meno. Vuta mkono kwa nguvu ya kawaida, ile unayotumia kila siku, usiuvute kama unayeng'oa kisiki. Magari mengi ya aina hii yanatakiwa kushika kati ya meno 5 na 9, na kitabu cha gari kinataja hesabu kamili, mara nyingine pamoja na nguvu ya kuvutia, ambayo kwenye magari mengi ni Nyutoni 200, yaani kama kuinua kilo 20. Langu lilikuwa limepita hapo mbali. Na kuna kiwango kingine kinachosaidia kujua kazi ya hendibreki ni nini hasa: Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 13-H, inayohusu breki za magari madogo, inataka hendibreki ilishike gari lililopakia mzigo wake kamili kwenye mwinuko wa asilimia 20, upande wa kupanda na wa kushuka, bila mkono kuvutwa kwa nguvu inayozidi Nyutoni 400. Asilimia 20 ni kupanda mita 1 kwa kila mita 5 za mlalo. Huo ni mwinuko mkali. Kwa hiyo hendibreki inayoshindwa na mteremko mdogo wa kuegeshea haiko "kawaida ya gari kuukuu", kama nilivyowahi kuambiwa. Inahitaji kazi.

Kuhusu usalama sitasema kwa kirefu, ila sitaruka. Unaifungua hendibreki yenyewe, maana yake gari halina cha kulishikilia nyuma. Weka kabari mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele, kwenye sakafu ngumu iliyo sawa. Kama injini inazungusha magurudumu ya mbele, tia gia au weka P. Kama inazungusha ya nyuma, utalazimika kuweka gia huru ili uyazungushe kwa mkono, hivyo kabari ndizo zinazobeba dhamana yote. Jeki ni ya kuinulia tu. Gari likae juu ya stendi. Na vumbi la ndani ya dramu usilipulize kwa mdomo wala kwa upepo wa kompresa. Lainingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, na hata zisizo na asbesto hazifai mapafuni. Lilowanishe, lifute kwa kitambaa, uvae barakoa.

Magurudumu ya nyuma yakiwa hewani, kabla ya kutoa chochote, mwombe mtu avute mkono jino moja moja huku wewe ukizungusha kila gurudumu. Yote mawili yanatakiwa kuanza kukwaruza kwenye jino lilelile au linalofuata. Moja likishika mapema na jingine likaendelea kuzunguka, umeshajua upande wa kuanzia, na hujatumia chochote. Kwangu la kulia lilianza kushika kabla ya la kushoto, lakini yote mawili yalichelewa.

Kutoa dramu ndiyo kazi iliyonitoa jasho. Mkono uwe chini kabisa, kisha dramu itoke. Yangu haikutoka. Ukingo wa ndani wa dramu huwa haulikwi na lainingi, kwa hiyo unabaki kama kizingiti, na viatu vinanasa nyuma yake. Wengine hapa huchukua nyundo na kupiga pembeni mpaka ukingo unavunjika, halafu kweli dramu mpya inahitajika. Hakuna haja. Dramu nyingi zina matundu mawili yenye uzi wa bolti kwenye uso wake. Ukiingiza bolti zinazolingana, mara nyingi za milimita 8, na kuzikaza kwa zamu kidogo kidogo, dramu inasukumwa nje yenyewe. Ikigoma bado, nyuma ya sahani inayobeba viatu kuna tundu lililozibwa na raba; pitisha bisibisi hapo ulegeze ajasta, kile kijiti kinachovitenganisha viatu, ili viatu vijikunje.

Ndani nikakuta hivi. Lainingi zilikuwa na zaidi ya milimita 3 zilizobaki. Watengenezaji wengi wanaruhusu zitumike mpaka milimita 1, japo mimi ningezibadilisha kabla ya hapo. Dramu zilikuwa laini, bila mifereji, na kipenyo kikiwa chini ya kikomo. Kikomo hicho hakihitaji kukisiwa: kimegongwa kwenye dramu yenyewe kwa herufi za chuma, na dramu ya milimita 200 kwa kawaida huruhusiwa kutanuka mpaka 201. Waya kila upande ulikwenda na kurudi bila kukwama. Silinda za magurudumu zilikuwa kavu. Nilikunja raba zake pembeni kidogo kuhakikisha hakuna unyevu nyuma yake.

Kilichokuwa kimekufa ni ajasta. Hiki ni kijiti chenye uzi na gurudumu dogo la meno lililofanana na nyota, kinachokaa kati ya viatu viwili. Kazi yake ni kurefuka kadiri lainingi zinavyolika, ili nafasi ibaki ndogo siku zote. Kwenye magari mengine hujirefusha unapokanyaga breki ukirudi nyuma, kwenye mengine unapokanyaga pedali au kuvuta hendibreki. Zangu zilikuwa zimeshikana na kutu na vumbi. Nyota haikuzunguka hata kwa koleo. Lainingi zililika, ajasta hazikufuata, nafasi ikakua, mkono ukapanda. Hiyo ndiyo habari nzima ya gari langu, na hakuna hata kipuri kimoja kwenye ile orodha ambacho kingeiponya peke yake. Viatu vipya vingeficha ugonjwa kwa muda, kwa sababu ni vinene. Vikianza kulika, tungerudi palepale.

Nilizitoa ajasta upande mmoja kwanza, upande wa pili nikauacha umefungwa ili uwe mfano wa kutazama wakati wa kurudishia. Springi za humo ni nyingi, kila moja ina tundu lake, na picha moja ya simu kabla ya kulegeza inaokoa saa nzima ya kubahatisha. Ajasta ya kushoto na ya kulia hazibadilishani: moja ina uzi wa kawaida na nyingine uzi wa kinyume. Ukizichanganya, zitajifupisha badala ya kujirefusha, na utafikiri gari lina laana. Nikazisugua kwa brashi ya waya mpaka uzi ukang'aa, nikapaka grisi nyembamba ya kuhimili joto kwenye uzi tu, nikahakikisha nyota inazunguka kwa vidole. Vilevile nikagusa kwa grisi kidogo sana zile sehemu za sahani ambapo kingo za viatu zinateleza. Grisi ikifika kwenye lainingi umeharibu kila kitu, kwa hiyo kidogo ni bora kuliko nyingi.

Sasa, marekebisho. Hapa ndipo pesa za watu wengi zinapotelea, kwa sababu njia ya mkato inaonekana kufanya kazi. Chini ya mkono wa hendibreki, au chini ya gari mahali nyaya zinapogawanyika, kuna nati ya kukaza waya. Inafikika kwa dakika chache. Ukiikaza, mkono unashuka, gari linashika, mteja anaridhika. Lakini fikiria kilichotokea ndani ya dramu. Vile vijimkono vinavyovutwa na waya vinatakiwa, mkono ukiwa chini, virudi mpaka vigonge mahali pake pa kupumzikia. Waya ukikazwa kufidia viatu vilivyo mbali, vijimkono vinabaki vimevutwa nusu wakati wote. Kwenye mifumo mingi ajasta ya kujirekebisha hupima safari kuanzia pale pa kupumzikia. Isipofika hapo, haifanyi kazi tena. Kwa hiyo umeiua ajasta hata kama ilikuwa nzima. Pedali inazidi kushika chini. Lainingi zikilika zaidi, mkono unapanda tena, nati inakazwa tena, mpaka uzi unaisha, na hapo ndipo mtu anaambiwa waya umevutika na anauamini usemi huo kwa sababu anaona nati imefika mwisho. Nimeona gari la namna hiyo. Nyaya zilibadilishwa, na mpya nazo zikakazwa karibu kufika mwisho siku ileile, bila mtu yeyote kujiuliza kwa nini.

Utaratibu sahihi unaanza kwa kulegeza. Legeza nati ya waya kabisa, uhakikishe vijimkono vimerudi mahali pake. Kisha rekebisha viatu kwa nyota: zungusha mpaka dramu ikirudishwa ianze kukwaruza kwa wepesi, kanyaga pedali kwa nguvu mara chache ili viatu vijikalishe katikati, halafu jaribu tena, maana baada ya kujikalisha nafasi huwa imebadilika. Endelea hivyo mpaka gurudumu lizunguke kwa mkono likisikika mkwaruzo mwepesi wa hapa na pale, bila kushikwa. Pande zote mbili zifanane. Baada ya hapo, na baada ya hapo tu, rudi kwenye nati ya waya na uikaze mpaka mkono ushike kwenye meno yaliyotajwa na kitabu. Ushushe mkono. Zungusha magurudumu. Kama yanashikwa hata kidogo kuliko mwanzo, umekaza mno, legeza.

Nilipofika hatua ya nati, kwangu kulikuwa karibu hakuna cha kukaza. Viatu vilipokaa karibu na dramu, mkono ulishuka wenyewe mpaka kwenye kiwango chake. Pedali nayo ikapanda ikawa imara, jambo ambalo sikuwa hata nimelipeleka gereji kwa sababu lilikuja polepole mguu ukalizoea. Nilitumia kopo la dawa ya kusafishia breki, grisi kidogo, na mchana wangu mmoja.

Ningeishia hapo, ningewafundisha watu kwamba kila orodha ya fundi ni ya kukataliwa, na huo ni uongo. Baada ya habari kuenea kwenye familia, dada yangu aliniita. Gari lake lilikuwa na dalili tofauti kabisa: mkono ulishika vizuri, lakini baada ya mwendo gurudumu moja la nyuma lilitoa harufu ya kuungua na joto lililosikika ukiwa umesimama kando. Lake lina diski nyuma, na hendibreki inavuta kijimkono kilicho kwenye kaliperi, kifaa kinachobana pedi za breki kwenye diski. Alikuwa ameambiwa anunue kaliperi mbili na pedi.

Kipimo cha hapo ni chepesi mno kiasi kwamba nilishangaa hakikufanywa. Mtu mmoja avute na kushusha mkono, mwingine atazame kijimkono cha kaliperi chini ya gari lililo kwenye stendi. Upande mzuri ulirudi mpaka kwenye kizuizi chake. Upande wenye joto ulibaki umevutwa. Lakini bado hujui ni nani anayeukwamisha, waya au kaliperi. Chomoa ncha ya waya kutoka kwenye kijimkono. Kikirudi chenyewe, kaliperi ni nzima na waya ndio umeshikana ndani ya ganda lake. Kisiporudi, kaliperi imeshikwa na kutu kwenye mhimili wake na waya hauna kosa. Kilirudi mara moja. Tulipoufuata waya tukakuta ganda lake limepasuka karibu na ekseli, maji yalikuwa yakiingia kwa muda mrefu. Tulinunua waya mmoja. Kumwagia oili waya wenye kutu ya ndani hakudumu. Utafurahi siku chache kisha utakwama tena, pengine ukiwa safarini. Kwa hiyo hapo kununua kulikuwa sahihi, ila kununua kitu kimoja kinachojulikana kosa lake.

Jirani yangu naye alikuwa na la tatu, na hilo ndilo ninalolisisitiza zaidi kwa watu wanaopenda kuokoa pesa kama mimi. Mkono wake ulisimama mapema, kwenye meno machache, ukiwa mgumu, na bado gari lilishuka mteremko. Safari fupi ya mkono maana yake lainingi zinagusa dramu upesi. Kama zinagusa na hazishiki, tatizo liko kwenye msuguano wenyewe. Tulipofungua, upande mmoja lainingi zilikuwa zimelowa, nyeusi, zinang'aa. Swali ni mafuta gani. Yakitokea juu, kwenye silinda ya gurudumu, ni mafuta ya breki, mepesi, na raba ya silinda ukiikunja inatoa majimaji. Yakitokea katikati, kwenye ekseli, ni oili ya difu (gia za ekseli ya nyuma) inayopita sili iliyochoka, ile raba ya kuizuia isivuje, nzito na yenye harufu kali. Kwake ilikuwa sili.

Aliniomba tuzioshe lainingi kwa petroli na kuzipiga msasa. Nilikataa. Lainingi imeshanyonya mafuta, na joto la breki litayatoa tena juu. Siku ya kwanza itashika, kisha itaacha, na safari hii itaacha upande mmoja gari likiwa kwenye mwendo na kuvuta upande wa pili ukikanyaga breki kwa ghafla. Alinunua sili, na viatu vya magurudumu yote mawili ya nyuma, kwa sababu kuweka lainingi mpya upande mmoja na kuukuu upande mwingine kunaleta kuvuta kulekule. Dramu tuliisafisha ikabaki. Alilipa, na hakuna aliyemwibia.

Kuna magari ambayo nyuma yana diski, lakini ndani ya kitovu cha diski kumefichwa dramu ndogo yenye viatu vyake kwa ajili ya hendibreki peke yake. Hapo kile kipimo cha pedali hakisaidii, kwa kuwa pedali inatumia pedi. Lainingi zake hulika kidogo mno, maana hutumika gari likiwa limesimama, na mtu akikwambia zimeisha mwombe akuonyeshe. Mara nyingi zimepata kutu au zimekuwa kama kioo, na nyota yake inarekebishwa kupitia tundu lililo kwenye uso wa diski, kwa tochi na bisibisi, gurudumu likiwa limetolewa.

Hendibreki za umeme, zile za kitufe, sizigusi kwa mikono. BMW iliziweka kwenye 7 Series ya mwaka 2001 na sasa zimeenea kwenye magari ya kila aina. Kwenye nyingi pistoni inasukumwa na mota, na ukiilazimisha irudi kwa klampu bila kuiweka kwanza kwenye hali ya matengenezo, unaivunja kaliperi ambayo bei yake ni kubwa kuliko yote niliyotaja hapa. Huko kumlipa mwenye kifaa cha kuzungumza na kompyuta ya gari ndiko kuokoa.

Taa nyekundu ya breki kwenye dashibodi nayo imewagharimu watu bure. Kwenye magari mengi taa hiyo ni moja kwa mambo mawili: hendibreki iliyovutwa, na mafuta ya breki yaliyopungua. Ikibaki inawaka mkono ukiwa chini, tazama kwanza kiwango kwenye kichupa. Kikiwa chini, usijaze tu ukaendelea. Lainingi au pedi zimelika, au kuna mahali panapovuja. Kiwango kikiwa sawa, angalia swichi ndogo chini ya mkono, ambayo mara nyingi imesogea au waya wake umechomoka.

Wenye gari la otomatiki wanaoegesha kwa P tu na kuiacha hendibreki miaka nenda rudi nawaomba waivute kila siku. Kwenye baadhi ya magari ndiyo inayoifanya ajasta ijirekebishe, na waya usiosogea ni rahisi kushikana na kutu. Na wenye diski nyuma, ambao wameegesha kwenye mwinuko baada ya mwendo mkali wenye breki nyingi, waongeze jino moja na waliache gari kwenye gia au P. Diski ya moto imetanuka. Ikipoa inasinyaa, na mshiko uliokuwa imara unaweza kulegea wakati umeshaingia ndani ya nyumba.

Siku hizi ninapopeleka gari kwa fundi naomba vitu viwili kabla ya bei: nione kipuri kikiwa kimefunguliwa, na niambiwe kipimo kwa milimita. Lainingi imebaki ngapi? Dramu inasoma ngapi, na kikomo chake kilichogongwa ni ngapi? Fundi wangu wa sasa hakuchukizwa na maswali hayo. Alinivuta mpaka kwenye gurudumu, akanipa tochi niishike, na akaanza kunieleza mambo ambayo sikuwa nimeyauliza.

Baada ya ile kazi yangu nilitembeza gari mwendo mfupi kwa kukanyaga breki kidogo, nikasimama na kupeleka kiganja karibu na kila ringi ya nyuma bila kuigusa, nikitafuta joto lisilolingana. Yalikuwa sawa. Wiki kadhaa baadaye mkono ulikuwa umeongezeka jino moja, viatu vikiwa vimejikalisha upya kwenye dramu. Nilichomoa ile raba ya nyuma ya sahani, nikaisogeza nyota kidogo kila upande kwa bisibisi, nikairudisha raba. Nati ya waya sijaigusa tangu siku ile.